Kijaluba cha Nyimbo za Ndani

Mamangu alikuwa akinunua nazi kwa sikio. Tulikaa Mtongwe wakati huo, na mkwezi akileta nazi zake alizimwaga uani kwetu huku amekunja uso, maana alijua shughuli inaanza. Mama alichuchumaa, akachukua moja, akaitikisa karibu na sikio, akaigonga kwa ukucha, akainamisha kichwa mara moja kama aliyekubali, akaiweka kulia. Ya pili akaiweka kushoto. Mkwezi akalalamika, "Bibi, nazi zote hizo ni za mti mmoja." Mama akamjibu, "Na nyinyi nyote ni wa mama mmoja, mbona mmoja wenu mlevi?" Nalicheka mpaka nikapigwa kofi, kwa sababu huyo ndugu mlevi ndiye aliyekuwa amesimama hapo na gunia begani.

Kisha akanifundisha na mimi. Nazi nzuri yalia maji kidogo, kama mtu anayesukutua kinywa. Yenye maji mengi bado ni changa. Isiyosema kitu ina joya ndani, ule moyo mweupe laini, watoto watalila na kufurahi, lakini mchuzi hutapata. Shule sikukaa sana. Mwalimu alisema nina kichwa kizito, na mimi sikuona sababu ya kubishana na mtu aliyesoma. Lakini masikio yangu yalikuwa mepesi. Nikilala nalijua ni nani apitaye nje kwa ndara zake, na nalijua kama ametoka kulipwa au kugombana.

Nayasema haya kwa sababu Wafula, mwenzangu wa kazi, ameniletea ujumbe kwamba nyinyi vijana wa pale kibandani mwauliza mbona niliondoka bila kuaga, na kama nitarudi. Aliniambia niandike. Basi naandika. Msichoke na nazi, tunakuja huko.

Masikio hayo ndiyo yaliyonipa kazi. Nalikwenda Mishomoroni kwa Fundi Awadh, Mungu amrehemu, mtu mwembamba aliyetengeneza redio akiwa amefumba macho nusu kama paka aliyeshiba. Siku ya kwanza hakuniuliza jina. Aliwasha redio kubwa ya mbao, akaniambia, "Wasikia nini?" Nikasema, "Taarifa ya habari." Akasema, "Hiyo hata jirani aisikia. Nyuma yake je?" Nikatega sikio. Nikasema nyuma kuna nzi amefungiwa ndani ya kopo. Akazima redio, akaifungua, akatoa kopo dogo la umeme lililokuwa limevuja, akaweka jingine, akawasha. Nzi hayuko. Akasema, "Haya, fagia hapo kisha ukae." Huo ndio uliokuwa mtihani wangu, na cheti changu kilikuwa ufagio.

Fundi Awadh alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka mkewe akaijua: kitu hakitoki dukani mpaka sikio lako mwenyewe likubali. Mwenyewe. Usimuulize mwenye mali, kwa sababu mwenye mali anataka kwenda nyumbani, kila kitu atasema ni sawa. Vaa, sikiliza kulia, sikiliza kushoto, ndipo utoe. Nalifungua kibanda changu Likoni na sheria hiyo. Nikatengeneza redio, kisha kaseti, nikasafisha vichwa vya kaseti kwa pamba na spiriti mpaka vidole vikanuka kama hospitali. Halafu siku moja watu wa Ughaibuni wakaanza kurudi na vile vijisanduku.

Nyinyi mmezaliwa simu ikiimba, hamuwezi kujua. Kilikuwa kidogo, chaenea kiganjani, mgongo wake chuma king'aacho, mbele cheupe na kioo kidogo na gurudumu la kuzungusha kwa kidole gumba. Wazee wa Likoni wakakiita kijaluba, kwa kuwa kilifanana na kile kisanduku cha fedha ambacho bibi zetu waliwekea tambuu. Ndani yake kulikuwa na nyimbo za duka zima.

Cha kwanza nilichokifungua nilikivunja ndoana zinazokibana, maana hakina skrubu hata moja. Kisha nikajifunza kuchonga mpini wa mswaki ukawa mwembamba kama ukucha, nikauingiza kwenye mshono, nikauzungusha polepole. Chuma cha bisibisi chakwaruza, plastiki ya mswaki haikwaruzi. Ule mswaki bado uko kwenye droo ya juu. Msisugulie meno.

Ndani utakuta betri bapa, ambayo ikizeeka huvimba tumbo na kusukuma kila kitu. Chini ya betri kuna diski. Hiyo ndiyo iliyonishangaza. Diski kamili ya kompyuta, lakini ndogo kama kibiriti, imevalishwa raba za bluu pembeni ili mtu akitembea isigonge. Ndani ya diski kuna kisahani kinachozunguka na mkono mwembamba unaopepea juu yake bila kukigusa. Ukigusa, umekwisha. Diski imeungwa na bodi kwa utepe wa rangi ya chai ya rangi, mwepesi kukatika. Kwenye bodi kuna chipu kubwa inayofungua nyimbo, nyingine inayozigeuza kuwa sauti, na nyingine ya kumbukumbu.

Hiyo ya kumbukumbu ishikeni vizuri, ndiyo siri ya kijaluba. Diski haizunguki wakati wote, ingemaliza betri kabla hujavuka feri. Yaamka, yasoma nyimbo kadhaa kwa pupa, yaziweka kwenye ile chipu, kisha yalala, na wewe wasikiliza kutoka kwenye chipu. Kwa hivyo mteja akikwambia chaimba vizuri kisha chakatika baada ya muda, usishike gurudumu wala tundu la hedifoni. Diski imeamshwa ikakataa kuamka. Na mteja akikwambia kimekufa kabisa, tazama kwanza juu, kwenye kile kifungio kidogo cha kuzuia vitufe. Nimewafufulia watu vijaluba vingi kwa kusukuma kifungio hicho kwa ukucha. Nalikuwa nikikiweka kwanza mezani na kukiangalia kwa huzuni, ili mtu asione aibu.

Diski nalizipima kwa sikio, kama nazi. Nzima yavuma kama mtu anayelala vizuri. Ikichoka mhimili yasaga. Mkono ukipotea njia wagonga, kwe, kwe, kwe. Watu walileta kutoka Port Reitz hadi Shelly Beach, na mimi nalikuwa nikiweka sikioni na kusema ugonjwa kabla hawajakaa.

Kisha masikio yakaondoka. Sikulia. Mtu aliyejaribu spika za harusi na za mikutano maisha yake yote, akiwa amekaa mbele yake, atarajie nini? Mke wangu asema nilianza kwa kutomsikia yeye, na kwamba hilo halikuwa la masikio. Kibanda nikampa Wafula nusu, akaleta simu zake, nami nikabaki pembeni na vitu vya wazee wenzangu. Wafula ni mtu wa bara mwenye mkono mzuri wa lehemu na Kiswahili cha kuchekesha.

Sasa, siku yenyewe. Alikuja mwanamke wa makamo, buibui nadhifu, mkoba ameukumbatia kama mtoto. Nikaona midomo yake yacheza. Wafula akanigusa bega.

"Mzee, umeamkiwa."

"Marahaba, mwanangu. Njoo mbele hapa, nitazame usoni, sema polepole."

Akasogea. "Kwa hivyo ni kweli, ami, husikii?"

"Nasikia mtu akinikabili."

"Na ukivaa hedifoni?"

"Mvumo tu. Maneno siyapati."

"Alhamdulillahi!" akasema, na akafumba macho kabisa.

Nikamwambia, "Mwanangu, nimeombewa mengi, lakini sijaona mtu wa kushukuru kwa uziwi wangu."

Akacheka, akajifunika mdomo, akaomba radhi, kisha akaeleza. Jina lake ni Rukia. Mamake ni Bi Mwanaisha, somo wa mtaa wetu, yule anayewafunda maharusi. Kwa wale wenu wa bara: bibi harusi kabla ya kuolewa huwekwa ndani na wanawake wazima, na somo humwimbia na kumwelekeza mambo ya nyumba na ya mume. Ni nyimbo za chumbani. Mwanamume hazisikii, hata awe nani, hata mume wa somo mwenyewe. Mimi nimezaliwa hapa na sijui hata mstari mmoja, na huo ndio mpango.

Bi Mwanaisha alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja umelala na ulimi umefungwa. Nyimbo alizozipokea kwa bibi yake hawezi tena kuzitoa. Wanawake wenzake wanajua viitikio, lakini maneno ya somo mwenyewe, yale marefu, hakuna anayeyajua yote. Zamani kidogo, shangazi yao alirudi kutoka Maskati na kijaluba na kipaza sauti kidogo cha kuchomeka juu yake, akamrekodi Bi Mwanaisha chumbani, wimbo baada ya wimbo. Bi Mwanaisha akakubali kwa sharti moja: zisitiwe popote pengine. Simu alikuwa akiziita umbea wenye taa. Basi zote zilikuwa humo tu. Mjukuu wake alikuwa anaingia ndani Ijumaa hiyo, na kijaluba kilikuwa kimeanza kukatika.

"Chaimba kidogo," Rukia akasema, "kisha chanyamaza, nawe wahisi chagonga ndani. Kila siku chaimba kwa uchache kuliko jana. Kikifa, ami, mamangu amekufa mara mbili."

"Mbona hamkupeleka mjini kwa mafundi wenye masikio?"

"Tulipeleka. Wa kwanza akavaa hedifoni kabla hatujakaa. Nilimpokonya."

Ndipo nikaelewa. Mafundi wote tuna tabia hiyo, kitu kikiingia mkononi, hedifoni yakwenda sikioni. Nami nikaona shida yangu pia, ambayo yeye hakuiona. Sheria ya Fundi Awadh. Nitatoaje kitu ambacho sikio langu haliwezi kukikubali, na halina ruhusa hata kama lingeweza?

Nikakifungua kwa mswaki. Betri imevimba. Nikaitoa kwa utaratibu, maana ukiitoboa yawaka. Nikakipa umeme wa mezani. Kisha nikachukua bisibisi refu, nikaweka ncha juu ya diski, nikauma mpini kwa meno.

Wafula akaja mbio. "Mzee, unakula mashine?"

Si kula. Mfupa wa taya haujaziba kama sikio. Kupitia meno nalisikia ile diski kama zamani, karibu nitokwe na machozi, na si kwa furaha, kwa sababu ilikuwa yasaga vibaya mno. Mhimili umekwisha. Nikaigeuza upande, yasaga. Nikailaza kifudifudi. Ikatulia, ikavuma. Haikupona, lakini ilipata usingizi. Nikamwambia Rukia, "Ina pumzi moja. Tunainyonya yote leo, kwenda kwenye memori kadi, na kadi tunaitia humu humu mahali pa diski. Kesho haitaamka." Akasema bismillahi, akavuta kiti, akakaa. Akasema haondoki.

Diski ikalazwa kifudifudi juu ya kitambaa, Wafula akaiunga kwenye kompyuta yake. Na hapa, vijana, ndipo palipobakia kidogo tu tuhame Likoni. Kompyuta ya Wafula, mwajua wenyewe, imeunganishwa na ile spika kubwa inayotazama barabara, inayoimba kutwa ili watu wajue tupo. Na aliipangia kwamba ikiona nyimbo ngeni, yaanza kuzipiga yenyewe.

Mimi sikusikia kitu. Niliona uso wa Rukia. Ulibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji, na nje muuza kahawa akageuza shingo. Nikaruka, mimi mzee huyu, nikang'oa waya wa spika kutoka kwenye msumari wake.

"Imefika wapi?" nikauliza.

Rukia ameshika kifua. "Ngoma tu. Ngoma na kigelegele. Maneno hayajaanza."

Uso wa Wafula umekuwa wa majivu. "Mama, niwie radhi. Hiyo kitu hujianzisha yenyewe."

"Wewe pia ujianzishe mwenyewe uende kule mlangoni," Rukia akamwambia, akachukua waya wa spika, akaukunja, akautia mkobani. Wafula hajaupata mpaka leo.

Muuza kahawa akachungulia. "Fundi, harusi ya nani?"

"Ya mjomba wako," nikamwambia. "Mimina kahawa."

Kunakili kukachukua muda mrefu. Nikenda nikaswali, nikarudi, bado, na Rukia yuko pale pale kitini. Kila diski ilipoanza kusita nalikuwa nikiigeuza chembe, bisibisi liko menoni, mpaka yatulia tena, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka bega hili wala lile. Wafula akanisogelea, akaandika kwa kidole hewani, kisha akasema usoni mwangu kwa sauti ndogo, "Mzee, kama unasikia kwa meno, ukiuma hedifoni si utasikia hizo nyimbo?"

"Nitazisikia."

"Sasa?"

"Sasa mimi nimeoa zamani, Wafula. Sina haja ya kufundwa."

Wimbo wa mwisho ukaingia. Tukajaribu kuiamsha diski tena, ikakataa, mara mbili. Ilikuwa imengoja mpaka tumalize. Rukia akataka iuliwe mbele yake na kompyuta isibaki na kitu, na haikubaki. Nikaifungua diski. Kile kisahani chang'aa kuliko kioo chochote cha kinyozi. Akajitazama, akarekebisha ushungi wake, hakujua kama twamwona, kisha akachukua bisibisi akakikwaruza yeye mwenyewe, juu chini, kwa hamaki kidogo.

Nikatia kadi, nikatia betri mpya, nikafunga. Kioo kikawaka. Gurudumu lazunguka. Sasa kupima. Nyumbani kwenye sanduku nalikuwa na mita mbili za sindano nilizozitoa kwenye deki ya kaseti iliyokufa, moja ya kushoto, moja ya kulia, zile zinazoruka sauti ikipita. Nikamtuma Wafula akazilete. Nikaziunga kwenye waya wenye matawi mawili, tawi moja kwa mita, jingine kwa hedifoni za Rukia. Akawasha. Sindano ya kulia ikaruka. Ya kushoto imelala kama upande wa Bi Mwanaisha. Nikafungua tena. Tundu la hedifoni lilikuwa na mguu mmoja ulioachia lehemu, mambo ya chumvi ya hewa yetu. Tone moja la lehemu, nikafunga. Sindano zote mbili zikainuka pamoja.

Rukia akageukia ukuta. Mabega yake yakatikisika. Sikujua kama ni kilio au kicheko, nikamzunguka nimtazame. Vyote viwili.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, ami. Hata kikohozi chake kimo. Hata mahali aliponitukana kwa kuchelewa kuleta uvumba."

Ningeweza kuishia hapo. Mafundi wengi wangeishia hapo. Lakini hilo lilikuwa neno la mwenye mali, na Fundi Awadh hakuwa akilikubali. Nikamwambia, "Mlete mamako."

Akaletwa kwa tuktuk mpaka mbele ya kibanda, amefungwa leso mbili, mkono mmoja umelala mapajani. Alinitazama kwa jicho kali lile lile alilonitazama nilipokwenda kuposa miaka hiyo, maana ndiye aliyemfunda mke wangu. Nikatoa meza ndogo nje, nikaweka mita zangu juu yake. Rukia akamtia hedifoni chini ya leso. Wafula nikamgeuza uso barabarani. Rukia akabonyeza.

Mwanzo hakukuwa na kitu usoni mwake. Kisha mkono mzima ukainuka kidogo, vidole vikaanza kupiga kwenye chuma cha tuktuk. Nikatazama vidole, nikatazama sindano. Vidole vyapiga, sindano zaruka. Mahali pamoja vidole vilitangulia kidogo, vikapiga kabla ya sindano, kwa kuwa yeye alijua kinachokuja na kijaluba bado. Sindano zikamfuata. Kisha akasimamisha vidole, na sindano zikalala, na akavipiga tena, na zikaamka. Nalisimama hapo mbele ya mama yule, sisikii hata feri ikipiga honi, na nikajua kila kipigo kiko mahali pake, kushoto na kulia. Akanitazama. Akainamisha kichwa mara moja, vile alivyokuwa mamangu akiinamisha kichwa kabla ya kuiweka nazi upande wa kulia.

Nikachomoa waya wa mita. Nikamwambia Rukia, "Chukua. Kimekubali."

Tuktuk ikaondoka. Wafula bado ametazama barabarani, masikini, nikamgusa ageuke. Nikavua aproni, nikaitundika kwenye msumari uliokuwa wa waya wa spika. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kunywa kahawa.

Muuza kahawa akaniinulia kikombe. Nikampita, nikashika njia ya nyumbani; cha mwisho kilitoka dukani kimekubaliwa, na sina cha kurudia.